Sale Lililoteremka Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya saini moja. Shangazi yangu Namsifu, dada wa marehemu baba, alinipigia simu akasema kijiji chao kinapimwa. Kila kaya itapewa hatimiliki ya kimila, na zamu ya kitongoji chao ni Jumatano ya wiki ijayo. Ukoo ulikuwa umeshakaa na kukubali kwamba shamba la babu, ambalo Shangazi amelilima peke yake tangu aliporudi kutoka kwenye ndoa yake, liandikwe kwa jina lake. Lakini mimi ndiye mtoto pekee wa kaka yake, na mtendaji wa kijiji alitaka niseme kwa mdomo wangu na kwa kalamu kwamba sina pingamizi.

"Siwezi kusaini huku nikakutumia picha?" nilimuuliza.

"Picha itakuja kusimama mpakani?"

Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umekwisha na sikuwa na cha kunizuia. Nikiri pia kwamba nilikwenda na ubishi wangu. Chuoni niliandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba hati hazimlindi mnyonge, zinamrahisishia kazi mnunuzi. Mwalimu alinipa alama nzuri na sikuwahi kumwona mtu hata mmoja akipewa hati hiyo. Nilitaka kuona.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi. Kutoka Chalinze mpaka Segera nilisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji kwenye simu, kifungu baada ya kifungu, mpaka jirani yangu kwenye kiti, mfanyabiashara wa vitunguu, akashindwa kuvumilia.

"Unasomea mtihani?"

Nikamwambia nakwenda Same kwa mambo ya shamba la shangazi.

"Same? Shamba?" Akacheka. "Beba nguo za mwezi mzima. Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku."

"Mimi ni Mpare."

"Ndiyo maana nakuambia mapema, usije ukamuuza ng'ombe wa shangazi."

Baada ya Mombo milima ya Usambara ilituacha, na baada ya kitambo milima yetu ikaanza upande uleule wa kulia. Ukikaa dirishani katika barabara hii unaona namna mbili za ardhi kwa wakati mmoja. Kushoto ni tambarare ya miiba na vumbi jekundu, ng'ombe wanavuka wanavyotaka, na jicho halikuti mahali pa kusema hapa ndipo pa fulani panapoishia. Kulia, mlima umekatwa vipande vidogovidogo hadi karibu na kilele, na kila kipande kina mtu anayejua jina la aliyekilima kabla yake. Hedaru, Makanya, kisha Same. Nilishuka jua likiwa bado lina nguvu, nikalala kwa rafiki wa shuleni.

Ijumaa asubuhi nilipita ofisi ya ardhi ya wilaya kuuliza hati hizi zinavyotengenezwa. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinitoa nje akanionyesha kwa kidole upande ambako mji unakua. Kulikuwa na uwanda mpana wenye bikoni za zege zilizopandwa katikati ya miiba, hakuna nyumba hata moja.

"Mjini tunachora mstari, halafu mtu anakuja kujenga," alisema. "Kule kwenu mtu alikuja kabla ya mstari. Kwa hiyo mpimaji akifika hana cha kuchora. Anafuata vidole vya majirani. Wote wawili wakinyoosha kidole mahali pamoja, anabonyeza. Wakinyoosha pande mbili, anarudisha mashine kwenye mkoba na anaenda kwa mwingine."

"Na yule aliyerukwa?"

"Anasubiri. Au anakwenda baraza la ardhi la kijiji, wanasuluhishwa. Wakishindwa, wanapanda ngazi nyingine." Akanitazama. "Wewe una mgogoro?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa sijui.

Mchana huo nilipata gari la kwenda Maore kupitia Kisiwani, milima ikiwa kulia na nyika ya hifadhi ya wanyama kushoto. Maore nikachukua bodaboda ya kupanda Mamba. Kila kona tulipishana na pikipiki zinazoshuka na magunia ya tangawizi, harufu yake ikibaki hewani kama mtu ameikwangua sasa hivi. Dereva wangu alizima injini kwenye mteremko mmoja ili kuokoa mafuta, akapata nafasi ya kuzungumza.

"Umekuja kwenye upimaji, dada? Wiki hii kila ninayempandisha ni wa upimaji. Watu wa Dar, watu wa Arusha. Sikukuu hamji, mkisikia hati mnakuja."

Nilimwambia mimi nimekuja kukataa shamba, siyo kulidai.

"Hiyo ndiyo mpya," akasema, akawasha injini.

Shangazi alikuwa ananingoja barabarani, kanga begani, mikono ina udongo. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula vitabu?" Tukashuka kwa njia ya miguu hadi nyumbani.

Lazima nieleze nyumba ilivyokaa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana na hilo. Shamba linateremka. Juu kabisa, kwenye ukingo wa mwamba, ndipo Shangazi alipojenga: vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na jiko pembeni. Juu ya nyumba linaanza shamba la jirani, Mzee Elieza, na juu ya Mzee Elieza ni msitu wa kijiji unaotunza chemchemi. Kati ya Shangazi na Mzee Elieza hakuna ukuta wala bikoni. Kuna masale, ile mimea yenye shina jembamba na majani marefu ya kijani ambayo babu zetu waliipanda kuonyesha mpaka. Sale hukaa hapohapo vizazi na vizazi. Hakuna anayeling'oa wala kulisogeza peke yake. Likifa, wenye mashamba wawili wanakuja pamoja na kupanda jingine, wote wameshika shina moja.

Jioni ile nilizunguka nyumba, nikaona kitu ambacho mwanzoni sikukielewa. Masale mawili yaliyo karibu na nyumba, moja kushoto na moja kulia, hayakuwa nyuma yake. Yalikuwa ubavuni, usawa wa mlango wa jiko.

"Shangazi, ulijenga nje ya mpaka?"

"Mimi? Nilipojenga, masale yalikuwa kule juu, hatua tano kutoka ukutani. Mvua kubwa ya mwaka ule ndiyo iliyoyafanya haya. Udongo wa juu ulichoka. Nyumba iko juu ya jiwe, haikutikisika, lakini udongo ulishuka huku na huku kama uji unaozunguka mwiko. Ukashuka na masale yake."

"Kwa hiyo mkivuta kamba kutoka sale hili hadi lile..."

"Inapita chumbani kwangu," akasema, kana kwamba anataja bei ya chumvi. "Nikilala, kichwa kiko kwa Elieza, miguu iko kwangu."

"Umemwambia?"

Akainama akang'oa gugu lililoota ukutani. Nilirudia swali mpaka akajibu. Hakuwahi kumwambia, na Mzee Elieza hakuwahi kumwambia yeye. Kusema sale limesogea, alinieleza, ni kama kumwambia jirani kwamba amelisogeza. Huku hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Wote wawili walikuwa wakiliona kila siku, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, na miaka ikapita. Salamu zikapungua. Sasa Jumatano mpimaji angekuja, angeuliza mpaka uko wapi, na Mzee Elieza angenyoosha kidole kwenye sale.

"Na wewe ungenyoosha wapi?"

"Kwenye sale," alisema. "Ningenyoosha wapi kwingine? Niseme sale linaongopa?"

Huyu ni mwanamke ambaye hati ingempa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, au ingemnyang'anya. Na alikuwa tayari kunyang'anywa kwa sababu ya heshima kwa mmea. Nilikasirika. Nilimsomea vifungu vya sheria. Nilimwambia baraza lingempa haki asubuhi moja, kwa kuwa mashahidi wa ujenzi bado wako hai.

"Ningeshinda," alikubali. "Halafu? Mfereji wangu unapita kwake kabla haujafika kwangu. Nishinde nyumba, ninywe nini?"

Jumamosi asubuhi Shangazi alikwenda kuvuna. Nilibaki na wazo langu. Kama sale limeteremka na udongo, nilifikiri, basi mizizi yake itakuwa imevutwa kuelekea juu, lilikotoka. Huo ni ushahidi usio na jirani wala ukoo ndani yake. Nilichukua jembe nikaanza kuchimba taratibu kando ya sale la kushoto, nia yangu ikiwa kutazama tu na kupiga picha. Mizizi ilikuwa kama nilivyodhani. Ilikuwa imelala yote upande mmoja, mirefu, inatazama mlimani. Niliinama kupiga picha, nikashika shina ili nisiteleze, na shina likaja lote mkononi mwangu. Chini lilikuwa limeoza.

"Wewe!"

Alikuwa mkwe wa Mzee Elieza, mke wa mwanawe, anakata majani ya ng'ombe upande wa juu. Mundu ulimponyoka. "Unang'oa sale? Mchana kweupe? Mama Namsifu amekutuma?"

"Sing'oi, natafuta..." nikaanza. Nilisimama na sale mkononi na jembe miguuni. Ushahidi niliokuwa nao ndio uliokuwa kosa lenyewe. Mwanamke yule hakungoja sentensi yangu iishe. Alipanda juu akiita.

Shangazi aliporudi alikuwa ameshasikia njiani. Hakupiga kelele. Alilichukua lile sale, akalifunga kwa gunia bichi, akaliweka kivulini, akarudi akakaa kwenye kigoda.

"Ulitaka kujua nini ambacho sikukuambia?"

"Nilitaka kuthibitisha."

"Kwa nani?"

Alasiri mtendaji wa kijiji, mama mmoja wa makamo anayetembea haraka, alipita kwetu na ujumbe: Mzee Elieza amesema Jumatano hatasaini. Siyo hapa, siyo kule, hatasaini mahali popote. Mtendaji aliongeza kwamba orodha ina kaya nyingi, na yeye hawezi kuwasimamisha wapimaji kwa ajili ya mpaka mmoja. "Rekebisheni," akasema. "Mkishindwa, mtasubiri awamu nyingine, na awamu nyingine siijui ni lini."

Jumapili tulikwenda ibada. Mzee Elieza alikaa benchi la mbele, koti la kijivu, shingo imenyooka. Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa mazao ya sadaka, watu wakishindania mkungu wa ndizi na kucheka, na yeye alitupita kama tunavyopita nguzo ya umeme. Wanakwaya wawili walininong'onea, "Msomi, umetuletea kazi." Nilielewa kwamba habari ilishafika kila nyumba.

Tulipotoka kanisani Shangazi alichuma jani la sale kutoka kwenye mpaka wa mbali, ambao hauna ugomvi, akalifunga fundo moja, akanipa. Mtu akija kwako na jani la sale lenye fundo, hulazimiki kumkubalia, lakini huruhusiwi kumfukuza. Ndivyo alivyonieleza tukipanda. "Wewe tangulia," alisema. "Kosa ni lako. Mimi nakuja nyuma kama mzazi."

"Na nikifika niseme nini?"

"Omba msamaha. Usieleze."

Mzee Elieza alikuwa nje, anachonga mpini. Nikasema, "Shikamoo, babu." Alichelewa kuitikia, lakini aliitikia. Nilimpa jani kwa mikono miwili, nikamwambia nimekosa, nimegusa kisichoguswa. Alilipokea. Akamwita mkwe wake alete makande, yuleyule aliyeangusha mundu, naye akayaleta bila kunitazama. Tulikula. Walizungumza na Shangazi juu ya mvua, juu ya bei ya tangawizi, juu ya mtu fulani aliyekwenda hospitali. Mimi nilikuwa nasubiri mazungumzo yaanze, sikujua kwamba yalikuwa yameanza. Ilikuwa mara yao ya kwanza kula chungu kimoja tangu mvua ile.

Baadaye mzee akageuka kwangu.

"Wasema hukuwa unang'oa. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nilimtazama Shangazi. Hakunikataza.

"Mizizi, babu. Nilitaka kuona inatazama wapi."

"Na uliona nini?"

"Inatazama juu."

Akatikisa kichwa polepole, akasimama, akachukua fimbo. "Njooni."

Alitupandisha hadi mwisho wa shamba lake, kwenye msitu wa kijiji. Hapo pia kulikuwa na masale, na hata mimi niliona kwamba yameinama, yamekaa ndani ya shamba lake, na nyuma yake miche ya msitu imeota kwenye udongo uliokuwa na kahawa yake. Mashina makavu ya kahawa yalikuwa bado yamesimama katikati ya miche.

"Na haya, msomi? Mizizi yake inatazama wapi?"

Nilinyoosha kidole mlimani.

"Mlima wote ulishuka," alisema. "Juu nimepunjwa, chini nimejaliwa. Nilipoona sale limeshuka kwa Namsifu, nilisema moyoni, Mungu amenifidia. Sikusema kwa mdomo, maana najua yule alijenga kabla. Lakini nikisema sale la chini lirudi, nitasemaje sale la juu likae?"

"Si udai na huku juu?" nikasema. "Nendeni wote kwa mtendaji. Hata huu msitu wana ramani yake."

Shangazi akanikanyaga mguu. Mzee hakukasirika.

"Mimi nilikuwa kwenye kamati iliyotenga msitu huu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu asiingie mtu hata hatua moja, chemchemi itakauka. Watu wakauza mbuzi wao kwa kukosa malisho, kwa sababu ya maneno yangu. Leo niende niseme, hatua hizi ni zangu? Watu watasimama wapi tena? Kesho kila mtu atakuwa na hatua zake."

Kwa mara ya kwanza tangu Chalinze sikuwa na kifungu cha kunisaidia. Nilikuja nikiamini kuna mwizi mahali fulani, mjini au kijijini, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mzee aliyepoteza kahawa yake bila kuibiwa na mtu, na shangazi aliyepoteza nusu ya chumba kwa namna hiyohiyo.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alizungumza polepole, akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Kaka Elieza. Sale la nyuma ya nyumba turudishe, mkono wako na wangu. Nyumba ibaki kwangu na hatua tano za kupita. Mbele ya hapo, kutoka kwenye jiko hadi mferejini, sale likae lilipo. Na ile ngazi ya mferejini, chini ya sale, chukua."

"Shangazi!" nilisema. Ngazi za shamba letu ni matuta yaliyokatwa mlimani, na ya mferejini ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Udongo wake mweusi, haukauki hata kiangazi, na tangawizi yake ndiyo iliyonilipia sare na madaftari.

"Nyamaza, Nakunda."

"Kisheria wewe huna haja ya kutoa..."

"Nimekusikia tangu Ijumaa. Sheria yako inajua nyumba ni yangu. Haijui kwamba huyu naye amepoteza." Akamgeukia mzee. "Usiponipa jibu leo, sitakasirika."

Mzee Elieza aligusa shina moja la kahawa kwa fimbo. Kisha akasema, "Tangawizi iliyomo vuna kwanza. Sitaki kula jasho lako." Wakapeana mikono. Mkwe wake, aliyekuwa amesimama mbali na sisi na mikono kiunoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe unajua kunyamaza."

Jumatatu watu wa kitongoji walikuwa kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji, kazi ya pamoja ambayo haina udhuru, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya mambo yetu. Nilipewa koleo. Hakuna aliyenisema vibaya, ila kila nilipokaribia mmea wowote kijana mmoja alipiga yowe, "Jamani, shikeni maua yenu!" na watu wakaanguka kwa kicheko. Nilicheka nao. Nilistahili.

Jumanne asubuhi tulipanda sale. Mtendaji alikuja kama shahidi, pamoja na wazee wawili wa kitongoji. Niliambiwa nichimbe shimo, kwa kuwa mimi ndiye niliyefungua lile la kwanza. Nyuma ya nyumba, hatua tano, Shangazi akihesabu na Mzee Elieza akihesabu, kila mmoja kwa miguu yake. Ya Shangazi ilikuwa mifupi, na mzee akasema, "Tufuate za kwangu, mama, nisije nikaambiwa nimekubana." Wakashika shina pamoja, mikono minne, lilelile lililokuwa limelala kwenye gunia. Nilidhani limeshakufa, nikasema tupate jingine. Mmoja wa wazee akanijibu kwamba sale hata ukilitupa juu ya paa litachipua. Nikafukia. La kulia nalo likahamishwa kwa namna hiyohiyo, na jingine likapandwa chini ya ngazi aliyoachiwa mzee. Hakukuwa na maombi marefu wala hotuba. Mzee alisema tu, "Asiyeridhika aseme sasa," na kuku wa Shangazi ndiye pekee aliyesema.

Jumatano wapimaji walifika mapema kuliko tulivyotarajia. Walikuwa vijana wawili wenye kishikwambi na kifaa cha setilaiti juu ya fimbo. Mtendaji alisoma kumbukumbu za kikao cha ukoo, nikasema kwa sauti kwamba sina pingamizi, nikasaini. Kisha tukatembea mpaka wote, wenye mashamba mbele, mashahidi nyuma. Kila kwenye sale, Shangazi na Mzee Elieza walinyoosha kidole pamoja, na kijana akabonyeza.

Tulipozunguka nyumba alisimama, akatazama kioo chake.

"Huu mpaka mbona umejikunja? Unakwenda vizuri, unapanda nyuma ya nyumba, unashuka tena. Una kiwiko. Tunyooshe kidogo?"

"Kiwiko kiandike," alisema Mzee Elieza.

"Ofisini wataniuliza."

"Waambie wenyewe wawili walikuwepo. Andika."

Akaandika. Nikamuuliza, kwa sababu nisingeweza kuondoka bila kuuliza, itakuwaje udongo ukishuka tena na masale yakashuka nao.

"Haina shida," alisema kijana. "Namba za setilaiti hazishuki."

"Basi zitakuwa pamoja na sisi au zitakuwa hewani?" aliuliza Shangazi, na kijana akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoandika chuoni, na hakuna aliyelijibu. Kwenye fomu, mahali pa jina la mmiliki, liliandikwa jina la Shangazi peke yake, majina matatu, na sahihi yake aliiweka polepole kama mtu anayepita kwenye ubao juu ya maji. Mzee Elieza alisaini chini yake, kama jirani.

Alhamisi nilishuka. Shangazi hakunisindikiza hadi barabarani, alikuwa anaanza kuvuna ngazi ya mferejini ili aiachie. Nilimwacha ameinama, na mkwe wa Mzee Elieza yuko mstari wa pili, anachimbua naye. Sikujua alikuja kwa wema au kuhakikisha kwamba kazi inakwisha upesi. Labda yote mawili. Same nilibadilisha gari bila kupita ofisi yoyote, na jioni nilikuwa Morogoro.

Nikiulizwa nimejifunza nini, nasema kwanza kwamba ubishi wangu kuhusu hati bado ninao. Shangazi amelipa udongo wake bora kuliko wote ili apate karatasi inayosema nyumba yake ni yake, na karatasi hiyo haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mlima uliteremka. Lakini sisemi tena kwamba hati ni ujanja mtupu. Kama isingekuwa Jumatano ile, wale wawili wangeendelea kupitana kimya mpaka mmoja afe, na watoto wao, mimi nikiwemo, tungerithi ule ukimya tukaufanya kesi. Tarehe ya upimaji ndiyo iliyowakalisha chungu kimoja. Hilo sikulisoma mahali popote. Na jambo la pili ni dogo: mtu akikuambia kitu chenye kumuumiza, si lazima uende kukichimbua ili uamini.

Mvua za masika zilipoanza kupungua nilimpigia Shangazi. Nilikuwa na wasiwasi na ile nyuma ya nyumba, nikamuuliza kama udongo umetulia.

"Haukutulia," alisema. "Juzi Elieza alikuja asubuhi, akaniita, twende tukatazame masale kabla hatujazoea kunyamaza tena. Tukakuta la kushoto limeshuka, kama shubiri moja."

"Mkafanya nini?"

"Tukalirudisha," alisema Shangazi. "Nikachemsha chai, akanywa, akaenda zake."